Tisa ya Meitamei

Hebu mwone akija. Barabara inayoshuka kutoka Moshono imekauka, vumbi limepanda mpaka magotini, na katikati ya vumbi hilo anatembea mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti la jeshi lililobaki vitani. Juu ya koti ametupia shuka, na juu ya shuka amefunga tai. Usiniulize tai inafungwaje juu ya shuka. Imefungwa. Miguuni ana makatambuga ya tairi aliyoyapaka mafuta ya ng'ombe mpaka yanang'aa, na nyuma yake wanamfuata mbwa wawili wasio wake, kwa sababu ya mafuta hayo hayo.

Huyo ni Meitamei, Mwarusha wa Moshono, na Jumamosi hiyo ya miaka ya Mwingereza anakwenda mjini kuamua mashindano ya dansi. Yeye mwenyewe hajawahi kucheza dansi hata siku moja.

Kwa nini basi wamwite yeye? Subiri nikueleze, tuna muda, bado yuko mbali na mbwa wanamchelewesha.

Meitamei alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe. Wewe na mimi tunajua kazi ya mpiga mnada ni kusifu. Ng'ombe akikohoa, unasema anaimba. Meitamei hakujaliwa kipaji hicho. Siku moja mjomba wake alileta dume lake mnadani, akamkonyeza, maana damu ni damu. Meitamei akapanda juu ya jiwe lake akatangaza: "Dume huyu ni wa mjomba wangu. Jicho la kulia halioni, na la kushoto linaona likipenda. Nani anaanza?" Mjomba hakula naye nyumba moja mpaka masika yalipokwisha. Lakini wanunuzi walimpenda sana, na watu wakazoea kusema kwamba mdomo wa Meitamei hauna ndugu.

Sasa, mtu huyu mwenye mdomo usio na ndugu alikuwa amefiwa na mke, binti yake Namnyaki ameshaolewa, na nyumba yake ilikuwa kimya mno. Akampenda mwanamke. Jina lake Ruth, Mmeru wa Kikatiti, mjane, mama wa kijana aitwaye Elinami, mwenye shamba la kahawa na migomba. Kila siku ya soko alipanda lori na mikungu yake mpaka Arusha. Jumapili alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya Kilutheri, na Jumamosi, Mungu amsamehe kama kuna la kusamehewa, alicheza dansi.

Siku ya kwanza kuonana, Meitamei aliinama juu ya ndizi zake, akazigeuza, akasema, "Mkungu huu umeiva upande mmoja."

Mwanamke mwingine angemrushia huo mkungu. Ruth alimtazama kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa. Marehemu mumewe, unajua, alikuwa mtu mwema, lakini alisifu kila kitu. Alisifu uji ukiwa mzuri, na ulipoungua aliusifu zaidi. Ruth aliishi naye miaka mingi pasipo kujua kama anajua kupika.

Basi Meitamei alipomwambia kwamba angependa wazeeke pamoja, Ruth hakukataa. Alisema atafikiri. Na bado alikuwa anafikiri Bwana Shekue alipokuja kuharibu mambo.

Bwana Shekue alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja Arusha na reli, na reli ilipoishia, naye akaishia hapo hapo. Ndiye aliyeendesha ukumbi wa dansi wa Levolosi, ukumbi wa mabati wenye sakafu ya saruji na picha ya Mfalme ukutani, na ndiye aliyeandaa mashindano. Mwaka uliotangulia mashindano yaliisha kwa ugomvi, maana majaji walinong'onezana, na matokeo yakabadilika kati ya sikio na mdomo. "Safari hii nataka jaji asiyejua kupendelea," alisema. Wote sokoni wakamwelekeza kwenye jiwe la mnada.

Ruth aliposikia, alimngoja Meitamei kwenye mikungu yake.

"Baba Namnyaki, nasikia umewekwa jaji."

"Nimewekwa, Mama Elinami."

"Na mimi nacheza."

"Nimesikia."

"Basi sikia na hili. Ukinipendelea, sikutaki. Na ukinionea, ili watu wasiseme umenipendelea, sikutaki pia."

Meitamei alifikiri mpaka wateja wawili wakapita. "Sasa nifanye nini?"

"Uone," akasema Ruth. "Una macho. Yatumie."

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba kichwani akishuka kutoka Moshono, chini ya vumbi. Nusu ya maisha yake yaliyobaki ilikuwa imefungwa kwenye macho mawili. Akafika ukumbini, mbwa wakazuiwa mlangoni, yeye akapita.

Majaji walikuwa watatu mezani. Wa kwanza Mwalimu Aminieli, aliyefundisha shule ya misheni, mtu wa penseli nyekundu, ambaye aliisahihisha dansi kama imla. Hakutazama mchezo, alitazama makosa. Wa pili Mama Marta, mshonaji. Yeye kanuni yake ilikuwa fupi: nguo ikizunguka na pindo likabaki sawa, aliye ndani amecheza. Nusu ya nguo za ukumbi ule alikuwa amezishona yeye, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika hilo. Wa tatu Meitamei, ambaye kwa kuchelewa alipata kiti cha mwisho, ubavuni mwa mpiga tarumbeta wa bendi.

Bwana Shekue akapanda juu ya sanduku. "Mabibi na mabwana, kibali cha boma kinaisha saa kumi na mbili, kwa hiyo tusicheleweshane. Mwaka huu hakuna karatasi, hakuna kunong'ona. Wimbo ukiisha, nitahesabu mpaka tatu, na kila jaji atainua vidole, vya mkono mmoja au vya yote miwili, alama kumi ndiyo mwisho. Kidole hakina siri."

Akakosea hapo. Kidole kina siri, hasa cha Mwarusha.

Maana wenzetu Waarusha wana hesabu yao ya mkono. Hawainui vidole vitano kusema tano. Kila namba ina umbo lake. Tano ni ngumi iliyofungwa, kidole gumba kimechungulia katikati ya viwili. Tisa ni ncha ya kidole cha shahada imegusa ncha ya gumba, duara kamili. Kumi ni kidole kilichofyatuliwa. Mnadani kila mnunuzi aliijua lugha hiyo, awe Msomali, Mhindi au Mmeru, na Meitamei aliishika miaka mingi hata akaamini kwamba dunia nzima huhesabu hivyo. Bwana Shekue, kwa upande wake, hakuwahi kununua ng'ombe. Alinunua nyama.

Wakaingia wachezaji wa kwanza, kijana wa mkate na mchumba wake, wakakanyagana vizuri sana mpaka mwisho. Meitamei akainua vidole viwili. Mbili ni mbili kwa kila mtu. "Mbili," akasoma Bwana Shekue, na mambo yakaenda.

Wakaingia Romanus na Elizabeth. Romanus alikuwa karani, mwenye viatu vyeupe vilivyopakwa chaki, na dansi aliisoma kwenye kitabu chenye picha za nyayo, kila unyayo na namba yake. Kwa hiyo alicheza akihesabu. "Moja, mbili, tatu, geuka. Moja, mbili, tatu, tabasamu." Na kweli, kila ilipofika mahali pake, alitabasamu. Elizabeth alivaa gauni jipya la Mama Marta, pindo limenyooka kama kamba ya nguo.

Wimbo ukaisha. Mwalimu Aminieli akatoa nane, maana nyayo hazikukosa hata moja. Mama Marta akalipa pindo lake saba. Meitamei akafunga ngumi.

Bwana Shekue akaitazama ile ngumi. Akaisogelea. Akaona ncha ya gumba. "Jaji wa tatu," akasema polepole, "kuna kidole kimoja kinachungulia. Moja."

Ukumbi ukacheka mpaka mabati yakatetemeka. Romanus akawa mweupe kuliko viatu. Meitamei hakusikia lolote, kwa sababu tarumbeta lilikuwa linajaribiwa ndani ya sikio lake, na tena alikuwa ameshageukia mlango. Ruth alikuwa anaingia.

Mchezaji mwenzake Ruth alikuwa Eliamini, seremala wa Kikatiti, mtu mfupi mwenye kofia kubwa. Nusu ya wimbo Eliamini alionekana, nusu nyingine alikuwa nyuma ya Ruth. Lakini walicheza kama watu wanaosimuliana jambo la kuchekesha. Ruth alizunguka, kofia ikaruka, Eliamini akaidaka pasipo kuacha hatua, na watu wa mlangoni wakaanza kucheza wenyewe bila kujua.

Mwalimu Aminieli akatoa tano. "Kucheka wakati wa dansi ya wolzi hakumo," alisema. Mama Marta akatoa sita, maana gauni la Ruth lilishonwa Moshi, na mkono wa kushoto ulikuwa na kasoro ambayo hapa mjini isingetokea. Ikabaki zamu ya Meitamei. Alifikiri nini? Aliyefikiri ni yeye, mimi sikuwa ndani ya kichwa chake. Kisha akanyanyua mkono juu kabisa, ukumbi wote uone: duara.

Bwana Shekue akalitazama lile duara. "Sifuri."

Kicheko hakikuja. Wote Levolosi walijua habari za Meitamei na mikungu ya ndizi. Ruth akavuka sakafu mpaka mezani, akasimama mbele yake.

"Sifuri, Baba Namnyaki?"

Tarumbeta lilikuwa linalia tena sikioni mwake tangu aliposhusha mkono. Meitamei aliona midomo yake ikicheza tu, akadhani anashukuru. Akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu kwa upole.

"Nilikuambia usinionee," akasema Ruth. "Na bado unacheka." Akachukua kikapu chake, akaelekea mlangoni.

Pale mlangoni alikaa Nkasiogi, bibi wa Kiarusha aliyeuza maziwa kwenye kibuyu. Akatoa mguu, akauziba mlango.

"Unakwenda wapi na tisa yako?"

"Tisa gani, yeyo, mama yangu? Nimepewa sifuri mbele ya watu."

"Nani kasema sifuri? Yule wa Tanga? Huyo hata fahali na mtamba hatofautishi. Mtoto, yule amesema naudo. Naudo ni tisa." Bibi akainua mkono wake uliokunjamana, akafanya duara lile lile, akamchungulia Ruth kupitia humo. "Na huyu mwenye viatu vya chaki kapewa tano. Ni nyingi, lakini si kazi yangu."

Sasa mambo yakaanza kuchemka. Bwana Shekue akamnyamazisha mpiga tarumbeta, akamwuliza Meitamei kwa sauti, "Bwana, pale ulitoa ngapi?"

"Tisa," akasema Meitamei. "Kwani mkono wangu ulikuwa umefichwa?"

Ungedhani yameisha. Lakini jumlisha: nane, saba na tano, Romanus ana ishirini. Tano, sita na tisa, Ruth ana ishirini. Sare. Na Romanus hakuwa mtu wa kukubali sare na kofia ya seremala.

"Hapana, hapana," alisema, akaja mbele. "Bwana Shekue, tuongee kama watu wazima. Dakika hii alikuwa na sifuri, dakika hii ana tisa. Mkalimani ni muuza maziwa. Na jaji mwenyewe kila mtu hapa anajua anamposa mchezaji. Hivi ndivyo haki inavyokaa?"

"Mama Marta ameshona gauni la mwenzako," akasema Eliamini kutoka chini ya kofia.

"Gauni halimposi mtu."

"Mwulize ile saba alimpa nani, mchezaji au pindo lake."

"Seremala, nyamaza, hata huonekani."

Mwalimu Aminieli akagonga meza kwa penseli. "Kosa ni la jicho," akasema. "Jicho la huyu bwana limechafuka kwa mapenzi. Tuliondoe jicho." Watu wakashtuka, hasa Meitamei, mpaka mwalimu akaeleza kwamba hamaanishi kwa kisu. Walio sare wacheze tena, na Meitamei ageukie ukuta. Aamue kwa masikio. Na safari hii aseme kwa mdomo, kwa Kiswahili.

Wote wakakubali, na kila aliyekubali akaongeza sharti. Mama Marta akasema njumu za Eliamini zinajulikana kwa mlio, basi wote wavue viatu. Eliamini akasema Romanus anajulikana kwa kuhesabu, basi asihesabu. Bwana Shekue akaficha kokoto mkononi ili kupata wa kwanza, akamwamuru kila mtu asimame kimya, hata wa mlangoni. Meitamei akageuza kiti. Akabaki uso kwa uso na Mfalme, pua kwa pua, kama watu wawili waliogombana.

Ruth alirudi kutoka mlangoni. Aliweka kikapu chini. Sharti lake lilikuwa lile lile, hajalitengua, na Meitamei alilijua.

Kokoto likamchagua Ruth, pasipo jina kutajwa. Nyayo zikapita kwenye saruji, laini, zikizunguka, kodiani ikizifuata. Wimbo ukaisha.

"Ngapi?" akauliza Bwana Shekue.

Ule mgongo mrefu ukajinyoosha. "Sita."

Ruth akarudi kwenye kikapu chake. Akaingia Romanus na Elizabeth. Na hapa likatokea jambo ambalo hakuna kitabu kilichoandika. Romanus, aliyekatazwa kuhesabu, alipoteza namba zake zote kwenye hatua ya pili. Akasimama. Elizabeth, aliyekuwa amechoka kuburutwa kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, akamshika kiuno akamburuta yeye. Romanus akaogopa, kisha akaacha kuogopa, kisha akaanza kucheka, jambo lililomfanya mwalimu aishike penseli kwa mikono miwili. Nyayo zao zikawa zinapiga na kujibiwa, zinakimbia na kurudi. Wenye kutazama mgongo wa Meitamei wanasema mabega yake yalianza kwenda na wimbo.

"Ngapi?"

"Kumi," akasema Meitamei, akageuka akiwa na tabasamu la meno yote.

Akamwona Romanus.

Wengine wanasema tabasamu lilianguka kama hema lililong'olewa vigingi. Nkasiogi aliapa mpaka kufa kwake kwamba halikuanguka, lilipiga chafya tu, ukumbi ule ulikuwa na vumbi. Vyovyote, Romanus alipewa zawadi, birika la chai na vikombe vyake, akalia mbele za watu, akamwomba Elizabeth awe anamshika kiuno siku zote, na ukumbi ukafungwa saa kumi na mbili kama boma lilivyotaka.

Meitamei alimsindikiza Ruth mpaka kwenye lori la Kikatiti. Mbwa nao walisindikiza. Eliamini alitangulia mbele sana, kwa adabu, kofia tu ikionekana.

"Baba Namnyaki," akasema Ruth, "uliposema kumi, ulidhani ni mimi?"

Meitamei akasimama barabarani. "Nikisema ndiyo, nimekupendelea."

"Ndiyo."

"Nikisema hapana, nimekuambia Romanus anakushinda kucheza."

"Ndiyo. Chagua."

Lori likapiga honi. Dereva akauliza kama mama anapanda au anahutubia. Meitamei akakuna kidevu, akautazama mlima, haukumsaidia.

"Ile sita ilikuwa sita," akasema mwishowe. "Goti la kushoto linachelewa. Unapogeuka, mguu wa kulia umeshafika, wa kushoto bado unaaga."

Ruth aliutazama mguu wake kama mtu aliyesikia jina lake limetajwa. "Linachelewa kweli," akasema. "Tangu nilipoteleza shambani wakati wa kuvuna. Sikumwambia mtu." Kisha akakunja uso. "Mbona mara ya kwanza ulinipa tisa? Goti ni lile lile."

"Mara ya kwanza nilikuwa nakuona wewe mzima. Goti ni kitu kidogo katika wewe. Ukutani pale goti ndilo lilikuwa linaongea peke yake."

Dereva akapiga honi ya pili. Ruth akapanda juu ya mikungu iliyobaki, akajiweka vizuri, akafunga kanga. Lori lilipoanza kusogea akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya ndizi: "Jumamosi ijayo njoo Kikatiti uongee na kaka zangu. Na hiyo tai uiache nyumbani."

Waliishi Moshono, wakazeeka kama alivyotaka. Meitamei hakusifu uji wa Ruth ulioungua hata siku moja, naye Ruth alifurahi. Lakini nimesikia kwamba kila walipogombana kidogo, Ruth alimrudisha palepale, kwenye ukuta wa Levolosi, na Meitamei akajifanya anaita ng'ombe. Maana litazame vizuri jambo hili. Kama alilijua goti kwa sikio pale pale, basi alijua kwamba aliyempa sita ni Ruth, na lile kumi alimpa Romanus akijua anachofanya, iwe ni haki tupu au ni woga wa kuonekana anapendelea. Na kama hakulijua mpaka alipolifikiria baadaye njiani kwenda kwenye lori, basi kumi lile lilikuwa la Ruth, na ameolewa na mtu aliyempendelea kwa moyo wake wote akakosea mlango tu.

Kaka zake Ruth wamegawanyika juu ya hilo mpaka leo. Sasa wewe ambaye humposi mtu hapa, wala hukumshonea mtu gauni: Meitamei akiwa ameutazama ule ukuta, alikuwa amemjua, au hakuwa amemjua?